Kisu cha kukunja, jiwe la kunolea na pori la Katanga: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mvua zikishashika Lubumbashi, mwishoni mwa Novemba, kundi letu dogo halikosi kwenda porini kutafuta bowa, yaani uyoga. Tunakutana alfajiri, watu sita au saba, na kabla ya kuondoka mkubwa wetu hutandaza kitenge chini ya mwembe. Kila mmoja anaweka kisu chake juu ya kitenge. Mzee anavikunjua kimoja kimoja, anasikiliza mlio wa springi, kisha anajaribu makali kwenye kipande cha gazeti. Kisu kikirarua karatasi badala ya kuikata, anamrudishia mwenyewe pamoja na jiwe: "Ikala kwanza, mutoto. Bowa haitakimbia." Ikala ni kaa chini.

Nilirudishiwa changu mara nyingi. Nilikuwa nimekwisha kununua visu vinne, vyote vya kung'aa, na vyote vilikuwa butu. Mzee alikuwa na kimoja tu, ubapa wake umekuwa mweusi kwa miaka, na kilikata kila kitu. Hapo nilielewa kwamba mapenzi ya visu yanaanzia kwenye jiwe. Ajuaye kunoa hutosheka na kisu kimoja cha bei ndogo. Ndiyo sababu katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye kunoa, na mengine nitayapitia kwa kadiri ya uzito wake.

Uchague kisu gani

Huku kwetu wengi hukiita kanifu, neno la Kifaransa lililokwisha kuzoea midomo yetu. Aina ni nyingi, lakini nne zinatosha kukuonyesha njia.

Okapi nakitaja kwanza kwa sababu jina lake ni letu. Mnyama okapi haishi porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye misitu ya Ituri na ya jirani zake, na wanasayansi walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani walianza kutengeneza kisu chenye jina hilo ili wakiuze Afrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Utakitambua kwa mpini wa mbao uliojipinda kidogo, wenye vinyota na miezi midogo ya chuma, na katika aina nyingine kuna pete mgongoni. Ukikikunjua kinalia tak-tak-tak, na hakikunjiki tena mpaka uivute ile pete juu. Changu kililetwa na dereva wa lori aliyeingilia mpakani Kasumbalesa, na bado nakwenda nacho porini.

Opinel kilianzishwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Tangu 1897 kilitoka kwa namba, kutoka 1 hadi 12, kadiri ya ukubwa. Namba 8 ndiyo inayofaa mkono wa watu wengi, kwani ubapa wake una sentimita 8.5. Pete ya chuma shingoni, inayozungushwa ili ubapa usikunjike, iliongezwa mwaka 1955. Tazama ubapani: kuna mkono uliovishwa taji, alama yake tangu 1909.

Douk-Douk kilizaliwa Thiers, mji wa Ufaransa unaojulikana kwa visu, mwaka 1929. Mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, limechorwa sura ya roho ya visiwa vya Melanesia. Hakina mbao ya kuvimba wala ya kupasuka. Ni chembamba, na kinalala mfukoni kama kipande cha karatasi nene.

Cha nne ni kisu chekundu cha Uswisi, kile chenye zana nyingi, ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897. Ni zana nzuri sana kwa fundi wa baiskeli au wa redio. Kwa kujifunzia kunoa sikipendekezi, kwa sababu chuma chake hakishiki kutu na humnyima anayeanza majibu ya haraka anayoyahitaji kwenye jiwe.

Ushauri wangu ni huu: anza na ubapa mmoja wa chuma cha kaboni, wenye urefu wa sentimita 7 hadi 9. Chuma cha kaboni kinashika kutu, ni kweli. Lakini kinakubali kunolewa kwenye jiwe lolote, hata lile la bei ndogo kabisa sokoni, na kinakuambia hali yake waziwazi: ukikipuuza kinageuka chekundu, ukikitunza kinakuwa cha kijivu. Ila kama wewe ni mtu wa kuvua samaki ziwani Tshangalele, mikono yako iko majini kutwa nzima, basi chukua kisichoshika kutu na usione haya.

Kukikagua kabla ya kulipa

Visu bora nilivyopata vilikuwa vimekwisha kutumika, vimelala kwenye meza za vyuma chakavu kati ya spana na kufuli. Ukikiona kimoja, usiangalie kutu ya juu, hiyo itaondoka. Angalia mambo yasiyotengenezeka kwa urahisi.

Kikunjue polepole. Springi nzuri inausindikiza ubapa, na mwishoni inagonga kwa mlio mmoja safi. Mlio ukiwa umekufa, ama kuna uchafu ndani ama springi imechoka. Kisha shika ubapa kwa vidole viwili uutikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana unavumilika, lakini ukiona ubapa unayumba, kirudishe mezani. Kikunje tena na ukitazame kwa juu: ubapa uingie katikati ya mpini bila kuusugua upande mmoja.

Halafu pima ubapa uliobaki. Visu vingine vimenolewa miaka mingi mpaka tumbo limekwisha, na ukivikunja ncha inachungulia nje ya mpini. Kisu cha namna hiyo kitakuchoma mfukoni. Ncha iliyovunjika milimita 1 au 2 isikutishe, kwa kuwa inarudishwa kwenye jiwe kwa kuusugua mgongo, si makali. Nilivunja ncha ya Opinel yangu ya kwanza nikifungulia kopo la samaki, nikadhani nimekiua kisu. Mzee aliirudisha kwa robo saa.

Jambo moja zaidi: tazama kama kuna sehemu ya makali yenye rangi ya buluu au kahawia. Hiyo ni alama ya moto wa mashine, nami nitaieleza mbele.

Kukiosha

Kisu cha sokoni kina vumbi, jasho na grisi ya zamani. Kifungue, ukitumbukize sehemu ya springi tu kwenye mafuta ya taa kwa nusu saa, kisha fungua na kufunga mara nyingi huku ukisugua kwa mswaki wa zamani. Matope meusi yatatoka. Rudia mpaka mafuta yatoke safi. Futa, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha mara moja kwa kitambaa, halafu kiache juani dakika chache kikiwa wazi.

Kutu nyekundu iondoe kwa pamba ya chuma laini iliyolowa mafuta, ukifuata urefu wa ubapa. Mashimo madogo meusi yatabaki. Yaache, kwani ukitaka kuyamaliza utamaliza na chuma.

Tone moja la mafuta ya mashine ya kushona kwenye kiungo, basi. Usitie mawese wala mafuta mengine ya kupikia. Yanaganda, yananata, na baada ya wiki mbili springi inakuwa nzito kuliko ulivyoinunua.

Kunoa

Hapa ndipo penyewe. Jitengee saa nzima, meza isiyotikisika na mwanga mzuri. Unahitaji jiwe la nyuso mbili, moja la kukwaruza na moja laini (kama limeandikwa namba, 400 na 1000 zinatosha kabisa), kalamu ya wino mzito, kitambaa kilicholowa, mkanda wa zamani wa ngozi na gazeti.

Kwanza linyooshe jiwe. Jiwe lenye bonde katikati haliwezi kutoa makali yaliyonyooka. Chora mistari ya penseli juu yake, kisha lisugue kwa maji kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, au kwenye saruji iliyo sawa iliyonyunyiziwa mchanga mwembamba. Mistari yote ikifutika, jiwe limenyooka. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa mwaka mzima.

Chagua maji au mafuta, usichanganye. Jiwe lililokwisha kunywa mafuta halitapokea maji tena vizuri. Mimi natumia maji, yanapatikana popote. Litumbukize mpaka mapovu yaishe, kama dakika kumi, halafu liweke juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze.

Sasa pembe. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaambiwa "digrii 15 hadi 20" na hawana chombo cha kupimia digrii. Pima kwa njia hii. Upana wa ubapa wa kisu cha mfukoni, kutoka mgongo hadi makali, mara nyingi ni karibu milimita 18. Ukiulaza juu ya jiwe ukainua mgongo milimita 5, umepata kama digrii 16. Ukiinua milimita 6, umekaribia digrii 20. Vijiti vitatu vya kiberiti vikipangwa kimoja juu ya kingine vinakupa karibu milimita 6. Viweke chini ya mgongo, uone kwa jicho na uusikie mkono ulivyokaa, kisha viondoe. Mkono una kumbukumbu nzuri kuliko tunavyodhani.

Paka wino kwenye makali pande zote mbili. Vuta kisu mara moja juu ya jiwe, kigeuze utazame. Wino ukiondoka juu tu, karibu na mgongo, umelaza mno. Ukiondoka kwenye ncha ya makali peke yake, umeinua mno. Ukiondoka sawasawa kwenye ule ukanda wote mwembamba, ndipo penyewe. Rudia wino kila unapopoteza njia, si aibu.

Anza na uso wa kukwaruza, upande mmoja tu wa kisu. Peleka ubapa mbele kama unayetaka kukata ngozi nyembamba ya jiwe, kutoka kisigino (mwanzo wa makali, karibu na mpini) hadi ncha, na unapofika penye mkunjo wa ncha inua mpini kidogo ili makali yaendelee kugusa. Vidole viwili vya mkono wa pili vilale juu ya ubapa. Nguvu iwe kidogo. Mzee aliponiona natoka jasho aliniambia, "Mutoto, unasukuma sana. Acha libwe itumike." Kutumika, kwa Kiswahili chetu cha hapa, ni kufanya kazi, na kweli jiwe linafanya kazi likiachwa.

Usihesabu mara. Unachosubiri ni uzi wa chuma: ukingo mwembamba sana unaojikunja upande wa pili makali mawili yanapokutana. Uutafute kwa kidole gumba ukitokea mgongoni kuelekea nje ya makali, usiyafuate makali kwa urefu. Utausikia kama kitu kinachokwama ngozini. Ukiwa umeupata katikati lakini si kwenye kisigino, hujamaliza. Uzi lazima uwepo kuanzia kisigino mpaka ncha. Kisu butu sana kinaweza kukuchukua dakika 20 upande wa kwanza peke yake, na anayeanza hukata tamaa dakika mbili kabla ya mlango kufunguka. Endelea.

Ukiupata, geuza. Fanya upande wa pili mpaka uzi uhamie upande wa kwanza. Halafu nenda uso laini, na hapa badilisha pande: mara tano huku, mara tano kule, kisha tatu tatu, kisha moja moja, kila raundi nguvu ikipungua mpaka mwishoni ni uzito wa kisu chenyewe tu. Uzi unapungua, unakuwa kama haupo.

Malizia kwenye mkanda wa ngozi. Uufunge kwenye kitasa au uulaze juu ya ubao, kisha vuta kisu mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma, mara 20 kila upande. Ukigeuza mwelekeo utaukata mkanda. Jaribu kwenye gazeti: shika karatasi kwa juu, ubapa ushuke wenyewe. Ukikwama mahali, hapo kuna sehemu iliyobaki butu, rudi uso laini kwa sehemu hiyo. Nyanya iliyoiva ni mtihani mwingine wa haki, makali mazuri huingia kwenye ngozi bila kuibonyeza.

Ukishapata makali ya kwanza, kazi ngumu imekwisha. Baada ya hapo ni kuyaamsha tu kila baada ya safari: mkanda, na mara chache uso laini. Porini ambako hakuna jiwe, geuza kikombe cha udongo cheupe. Duara la chini lisilopakwa rangi ya kung'aa linanoa vizuri kwa dharura.

Na sasa ile rangi ya buluu. Miaka ya nyuma, kwa haraka, nilimpa fundi mmoja kisu changu akinoe kwenye mashine ya jiwe linalozunguka. Cheche ziliruka, dakika moja akanirudishia kikiwa kikali ajabu, na sentimita 3 za makali zikiwa zimegeuka buluu. Baada ya wiki zile sentimita 3 hazikushika makali tena. Chuma cha kisu kinapata ugumu wake kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Kikirudishwa kwenye joto la kuvuka digrii 200 kinaanza kulegea, na buluu inamaanisha kilifika karibu 300. Hakuna jiwe litakalorudisha ugumu huo. Niliusaga ubapa wote kwa mkono, majuma kadhaa, mpaka nikaipita ile sehemu. Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: kisu cha mfukoni usikipeleke kwenye mashine kavu.

Rangi ya kijivu inayolinda

Chuma cha kaboni kikikata vitunguu, maembe na ndimu kinabadilika: buluu, zambarau, halafu kijivu cha moshi. Rangi hii ni tofauti na ile ya moto. Haiko makalini peke yake, imetanda ubapa mzima, na haina madhara. Ni tabaka jembamba linalopunguza kutu nyekundu. Wengine huliharakisha kwa kuuacha ubapa kwenye chai nzito iliyopoa kwa saa chache. Ni njia nzuri. Mimi napenda zaidi ije yenyewe, kwa maembe ya Desemba, kwa sababu kila kisu kinapata ramani yake.

Mpini wa mulombwa na pini za shaba

Mbao zikipasuka usikitupe kisu. Hapa Lubumbashi tuna vitu viwili ambavyo wapenda visu wa miji mingine hawavipati mlangoni: mulombwa na shaba. Mulombwa ni mti mwekundu wa mapori yetu ya miombo, mgumu, usiovimba ovyo. Usikate mti. Pita kwa seremala wa vitanda, omba vipande anavyofagia, kwani kipande cha sentimita 12 kinatosha. Ukiupiga msasa, funga kitambaa puani, vumbi lake linawasha.

Kazi hii ni kwa visu vyenye mbao mbili, moja kila upande, zilizoshikwa kwa pini. Opinel ni mbao moja iliyochongwa, kwa hiyo haimo.

Saga vichwa vya pini za zamani kwa tupa, kisha zisukume nje kwa msumari uliosagwa ncha ikawa bapa. Pini ya kiungo cha ubapa usiiguse kama haijalegea. Lainisha uso wa ndani wa mulombwa mpaka ukae juu ya bati la chuma la mpini bila mwanga kupita, uubane, na utoboe ukiyafuata matundu ya zamani.

Pini tengeneza kwa waya wa umeme wa nyumba, ule wa shaba nzima usio wa nyuzi nyingi. Waya wa milimita mraba 4 una kipenyo kama milimita 2.3, na wa milimita mraba 2.5 una kama 1.8. Chagua unaoingia kwa kubana kidogo. Upashe moto mpaka uwe mwekundu hafifu, uuzime kwenye maji. Chuma kingekuwa kigumu kwa kufanyiwa hivyo, lakini shaba inalainika. Ukate ubaki umejitokeza milimita 2 kila upande, uweke juu ya chuma kizito, na uugonge kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi vingi, ukigeuza pande. Kichwa kitatanuka kama uyoga mdogo. Ukipiga kwa hasira mbao itapasuka na utaanza upya.

Malizia kwa tupa, msasa wa 120, 240 na 400, kisha mafuta ya kitani kwa kitambaa, siku tatu, tabaka jembamba kila siku. Tambara lenye mafuta hayo litandaze nje likauke. Ukilikunja na kuliacha pembeni linaweza kuwaka lenyewe.

Kila ninapogonga pini ya shaba nakumbuka kwamba ardhi hii ilifua vyuma kabla ya reli na kabla ya kampuni za madini. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalipochimbwa mwaka 1957 na 1958 yalitoa vyungu, zana za chuma na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Katika masimulizi ya Waluba, ufalme na uhunzi ni ndugu. Pini yangu ya milimita 2 ni kitu kidogo, lakini imetoka kwenye mkono huohuo.

Porini

Kabla ya kukata chochote, nyosha mkono wenye kisu kilichokunjwa uzunguke polepole. Asiwepo mtu ndani ya duara hilo. Ukichonga ukiwa umekaa, weka viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti. Kamwe usichonge katikati ya mapaja, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unapita hapo. Kisu chenye springi bila kufuli kinaweza kukunjika kikisukumwa kwa ncha, hivyo usikitumie kutoboa wala kuchokoa, wala usikigonge kwa gogo kupasulia kuni. Panga liko kwa kazi hiyo.

Bowa kata kwenye usawa wa udongo, futa vumbi palepale, weka kwenye kikapu. Mfuko wa plastiki unazitia joto na zinaharibika kabla hujafika mjini, mtaa wa Katuba. Na usikate usichokijua: katika kundi letu kila uyoga hupita mkononi mwa mama mmoja aliyekulia kazi hii, na akikunja uso tunautupa bila mjadala. Uyoga mbaya unaua.

Moto wakati wa mvua unatoka kwenye tawi kavu lililobaki limesimama, si lililolala. Menya ganda lililolowa, kisha chonga nyama ya ndani kwa mikato mirefu myembamba isiyokatika, ijikunje kama nywele shinani. Vijiti vitatu vya namna hiyo vinashika kwa njiti moja. Kiangazi mambo yanageuka, kuanzia Mei nyasi zinawaka kwa cheche, kwa hiyo safisha duara la mita 2 na uwe na maji karibu, ama kula bukari (ugali) iliyopoa.

Kazi ya kwanza ya kuchonga iwe mwiko mdogo kutoka tawi bichi la mvokado, yaani mparachichi, lililopogolewa. Ni laini na linasamehe.

Opinel ikilowa mbao inavimba na ubapa haufunguki. Usiuvute kwa meno. Shika kisu, gonga kisigino cha mpini kwenye ubao mara moja mbili, ubapa utajitokeza uukamate.

Ukijikata, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Kidole kikikataa kukunjika au kikifa ganzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uulize chanjo ya pepopunda.

Mjini na nyumbani

Kisu cha porini hakina kazi baa, uwanja wa mpira wala ofisini. Nakifunga kwenye kitambaa chini kabisa ya begi, pamoja na jiwe na kikapu, na nikiulizwa njiani nasema kilipo kabla sijaingiza mkono. Kwenye ndege kinakwenda kwenye mzigo wa chini. Ukimpa mwenzako kisu, kikunje kwanza. Kisichokunjika kiweke chini yeye akiokote mwenyewe.

Jioni ukirudi, kabla ya kuoga wewe, kioshe kisu: maji ya moto, sabuni, kitambaa. Toa nyuzi za mfukoni kwenye mfereji wa mpini kwa kijiti. Pitisha mafuta membamba ubapani, tone moja kwenye kiungo, fungua na kufunga mara tatu. Kisha kiache wazi juu ya kabati, mbali na watoto, kilale hivyo mpaka asubuhi unyevu wote wa ndani uishe, ndipo ukikunje.